Jengo la Mimea Lianze na Maji Yanayotoka Kwenye Jani

Hotuba kwa wahitimu wa ufundi na kilimo, Mbeya

Mkuu wa chuo, walimu, wazee wetu mliofika kutoka Umalila, Rungwe, Ileje na Makete, shikamooni. Wenzangu wa Iringa na Njombe, kamwene. Na ninyi wadogo zangu mnaohitimu leo, hongereni sana.

Mwalimu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie kazi niliyoifanya Kanada kwa miaka sita. Nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika, maana kazi hiyo ilikuwa kupanga na kuendesha mitambo ya ubaridi kwenye jengo kubwa linalolima bangi kwa leseni ya serikali. Akasema ana uhakika. Wanafunzi wake wanauliza habari hizo kila wiki, na wanayoyasikia vijiweni ni nusu nusu. Basi nimekuja kuyasema yote hapa, mbele ya wazazi.

Niweke msingi kwanza. Hapa kwetu bangi ni marufuku. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeweka kulima, kuhifadhi na kuuza bangi katika makosa ya jinai yenye vifungo virefu. Yeyote anayekunong'oneza kwamba kuna njia ya mkato anakupeleka gerezani, na wewe ndiye utakayekaa huko, si yeye. Ng'ambo ya Mto Songwe wenzetu wa Malawi walipitisha sheria yao mwaka 2020, ikaruhusu kilimo cha bangi ya dawa na ya nyuzi kwa leseni. Lesotho ilikuwa imetangulia kutoa leseni mwaka 2017. Ndiyo maana nikifika Kyela vijana hunishika mkono wakaniuliza: dada, na sisi lini? Swali hilo ni la Bunge. Fundi hawezi kulijibu, wala hapaswi kujifanya analijibu.

Ila nisiwafiche kwamba mmea huu una upande wa hospitali. Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kiini kimoja cha mmea huo, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye jedwali kali kuliko yote la Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961, ingawa ilibaki chini ya udhibiti wa mkataba huohuo. Ninayasema haya ili mjue kwamba majengo ninayoyazungumzia si maficho. Ni viwanda. Vina wakaguzi, wahasibu na mafundi, na makosa yake ni makosa ya viwanda.

Kosa lililo kubwa kuliko yote nililiona kwa macho yangu, na ndilo nililobeba kuja nalo.

Mwenye mtaji anapokuja na mchoro wa jengo la kulimia ndani, karatasi ya kwanza huwa na kilo za mavuno. Ya pili ina idadi ya taa. Ya tatu ina bei ya kuta na paa. Ukimuuliza mimea yake itatoa lita ngapi za maji kwa siku, anakuangalia kama umeuliza habari za msiba wa jirani. Atakujibu inakunywa lita ngapi. Hapana, mzee, nimeuliza itatoa lita ngapi.

Wakulima mliopo hapa mnalijua hili kwa miguu yenu. Ukipita kwenye shamba la mahindi alfajiri suruali inalowa. Maji yote unayompa mmea, karibu yote, hupita kwenye mizizi, yakapanda shinani na kutokea kwenye jani yakiwa mvuke. Kinachobaki mwilini mwa mmea ni kidogo mno. Shambani mvuke huo huenda zake na upepo wa Mlima Loleza. Ndani ya chumba kilichofungwa hauna pa kwenda. Umemwaga lita 4,000 asubuhi? Kesho asubuhi lita 4,000, pungufu kidogo tu, zinaelea hewani zikitafuta sehemu ya baridi zitue.

Tufanye hesabu ya chumba kimoja, na wenye kalamu waandike. Chumba kina mita za mraba 1,000 za mimea. Kila mita tuseme inanyweshwa lita 4 kwa siku: lita 4,000. Taa za kisasa za LED, kwa mmea unaotaka mwanga mkali, tuseme wati 400 kwa mita: kilowati 400. Mmea huu hutoa maua usiku unapokuwa mrefu, kwa hiyo kwenye hatua ya maua taa huwaka saa 12 na giza likawa saa 12. Uniti 4,800 kwa siku, taa peke yake. Na umeme wote ulioingia kwenye taa unaishia kuwa joto, hata ule uliotoka kama mwanga.

Sasa jambo ambalo mchoro hausemi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto la takriban uniti 0.68. Zidisha kwa 4,000, unapata zaidi ya uniti 2,700. Yaani zaidi ya nusu ya joto la taa halionekani kwenye kipimajoto chako. Limejificha ndani ya mvuke. Kipimajoto kinasema chumba kiko shwari, na mwenye jengo anafurahi, kumbe hewa imebeba mzigo kama punda wa Makete.

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye jengo lile, mwezi wa kwanza wa mavuno ya kwanza. Saa taa zilipozimika viyoyozi navyo vikatulia, kwa sababu kazi yake ni kufukuza joto na joto limeshuka. Kiyoyozi hukausha hewa kinapopoza tu. Kikilala, hakikaushi kitu. Majani hayakuwa yamelala. Yaliendelea kupumua maji taratibu ndani ya hewa inayozidi kupoa, na hewa ikipoa uwezo wake wa kushika mvuke unapungua. Nikapita na tochi nikasikia tone shingoni. Nikaelekeza mwanga juu. Dari yote ilikuwa inametameta. Matone yalikuwa yanaanguka juu ya maua yaliyobakiza siku tisa tu kuvunwa.

Baada ya siku nne ukungu wa kijivu ulikuwa umeingia katikati ya maua. Ni ukungu uleule unaoozesha zabibu na stroberi, Botrytis. Kwa nje ua linaonekana zima. Ukilipasua, ndani ni vumbi. Na ile ni dawa ya kuwafikia wagonjwa. Chumba chote kiliteketezwa. Niliwaona watu wazima, waliokuwa wamehudumia mimea ile tangu ikiwa miche, wamesimama kimya wakiangalia ikipimwa uzito kwa ajili ya kuharibiwa. Sijalisahau hilo.

Dawa yake ilijulikana palepale: mashine za kukausha hewa zinazofanya kazi hata taa zikiwa zimezimwa. Lakini zitawekwa wapi? Paa halikusanifiwa kubeba uzito ule. Ubao wa umeme ulikuwa umejaa, hauna nafasi ya swichi hata moja. Sakafu haikuwa na mfereji wa kutoa maji ambayo mashine zingekusanya, na maelfu ya lita kwa siku si kitu cha kupokea kwa ndoo. Ilibidi zege livunjwe, na zege hilo lilikuwa halijafikisha mwaka. Wadogo zangu, mashine yenyewe haikuwa ghali kama kuitafutia mahali pa kukaa ndani ya jengo lililokwisha.

Hapo ndipo nilipojifunza kuuanza mchoro kwa mambo yanayotoka. Maji yatatokea wapi, joto litatokea wapi, harufu itatokea wapi, taka zitatokea wapi, mfanyakazi mwenye matope atatokea mlango gani. Ukishajua vitu hivyo vinatokaje, kuta zenyewe zinakuonyesha pa kusimama.

Umeme nao una akili yake. Vyumba kumi kama kile vikiwaka kwa pamoja ni megawati 4 za taa, kabla hujahesabu ubaridi. Mitambo yote ya umeme wa maji ya Kihansi ni megawati 180, kwa hiyo mnaweza kuona ukubwa wa jambo hili. Mpangaji mzuri huviwasha vyumba vitano mchana na vitano usiku. Matumizi ya siku yanabaki yaleyale, ila kilele kinashuka kwa nusu. Transfoma inakuwa ndogo, nyaya nyembamba, jenereta la nafuu. Kilichobadilika ni ratiba peke yake, na ratiba haina bei. Tena wanapanda kwa zamu, chumba baada ya chumba, ili kila wiki kuwe na mavuno ya chumba kimoja na si mavuno ya vyumba kumi kwa siku moja. La sivyo chumba cha kukaushia kinatakiwa kiwe kikubwa mara kumi, kisha kinakaa kitupu wiki tisa.

Kuhusu leseni nitapita haraka, ingawa wanasheria wangekaa hapo mpaka jioni. Kanada ilihalalisha bangi kwa nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018, na leseni ya kulima hutolewa na idara ya afya ya serikali kuu. Jengo ni lazima liwe na kamera na ulinzi, lichuje hewa ili harufu isitoke nje, na kila gramu inayoharibiwa iandikwe. Tangu Mei 2019 mwombaji mpya anatakiwa awe amemaliza kujenga ndipo aombe. Fikirini maana yake kwa mwenye mtaji: fedha zote zimekwishamwagwa, riba ya benki inahesabu, na bado hajajua kama atakubaliwa. Jengo lenye kosa la kupangwa halimsubiri mtu.

Na wengi walijenga makubwa kupita soko. Machi 2020 kampuni ya Canopy Growth ilitangaza kufunga vitalu nyumba viwili huko British Columbia vyenye jumla ya futi za mraba milioni 3, karibu hekta 28 zilizoezekwa. Watu kama 500 walipoteza kazi. Edmonton, karibu na uwanja wa ndege, hukohuko Kanada, kulikuwa na jengo la kampuni ya Aurora la futi za mraba 800,000, yaani viwanja vya mpira kama kumi chini ya paa moja. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba halitalima bangi tena, likaelekezwa kwenye miche ya mboga na maua. Huko Norfolk, Uingereza, ilikuwa kinyume: kiwanda cha sukari kilikuwa na kitalu nyumba cha hekta 18 kinachopashwa kwa joto linalobaki kiwandani na kulishwa hewa ya ukaa itokayo humohumo. Kilianza na nyanya, kisha mwaka 2017 kikahamia kwenye bangi ya kutengenezea dawa ya kifafa niliyoitaja. Mimi napenda sana mfano wa Norfolk. Waliliangalia joto lililokuwa linapotea, wakalipa kazi. Kitalu kilichopangwa vizuri kinaweza kubadilisha zao na kikaendelea kuishi.

Sasa turudi Mbeya, maana sikutoka huko kote nije niwasimulie ya ugenini tu.

Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Feni ileile, inayozunguka kwa kasi ileile, inasukuma hewa yenye uzito mdogo, kwa hiyo inabeba joto dogo. Jenereta nalo linapungukiwa pumzi. Kibao chake kinaweza kusema kVA 100, lakini kama injini haina turbo usitegemee 100 hizo hapa, na ukipanda Umalila utapata pungufu zaidi. Nimeona vitalu vya mboga na vyumba vya baridi vya parachichi vilivyonunuliwa kwa hesabu za pwani, na mafundi wakailaumu mashine. Mashine haikuwa na kosa. Mpangaji hakuuliza itafungwa kwenye mwinuko gani. Ninyi mnaohitimu leo mkisahau mengine yote, hili la mwinuko msilisahau, kwa sababu anayekuuzia mtambo hatakukumbusha.

Upande wa pili Mungu ametupa. Jua la saa sita mchana hutupatia karibu wati 1,000 kwa mita ya mraba bila bili. Siku yetu haiendi mbali na saa 12 mwaka mzima. Julai usiku ni baridi ya kutosha kupoza stoo kwa kufungua madirisha kwa wakati wake. Ukichukua mchoro wa chumba kilichozibwa cha Ontario kule Kanada, kilichobuniwa kwa nchi yenye theluji, ukausimamisha Uyole, unakuwa umelifungia jua nje na kulinunua tena TANESCO. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State walihesabu mwaka 2021 kwamba kilo moja ya bangi kavu iliyolimwa ndani huko Marekani huacha hewani hewa chafu sawa na kilo 2,283 hadi 5,184 za kaboni dioksidi, kutegemea mahali, na sehemu kubwa inatokana na kupasha, kupoza na kukausha hewa. Sisi hatuna sababu ya kuingia mkenge huo. Kwetu ni kitalu nyumba, chenye nailoni nzuri, matundu ya juu yanayofunguka, wavu wa wadudu, na mpango wa unyevu wa usiku.

Cha kulima humo? Mbegu za viazi.

Naona wazee wanatikisa vichwa. Mama yangu amelima viazi Umalila maisha yake yote. Nilipokuwa darasa la tano shamba letu lilipigwa na mnyauko. Asubuhi mmea umesimama, mchana umelala kana kwamba umekosa maji, na ardhi ina maji. Ukikata kiazi unaona utomvu mweupe unatoka kwenye mduara. Mama alikuwa amenunua mbegu sokoni kwa uaminifu wake wote. Bakteria wa mnyauko walikuja ndani ya mbegu, wakabaki kwenye udongo. Ada ya mwaka ule haikupatikana. Kaka yangu ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee, na yupo hapa leo, amekaa nyuma pale karibu na mlango.

Mbegu safi ya viazi huanzia maabara, kwenye mche mdogo ndani ya chupa usio na ugonjwa. Kisha hupandwa kwenye kitalu nyumba kilichofungwa, kwenye udongo uliochemshwa au mizizi ikining'inia hewani ikinyunyiziwa ukungu wa maji na virutubisho, hadi itoe viazi vidogo vya kuanzia uzazi. TARI Uyole, watafiti wa kilimo wa serikali, wapo hapahapa jirani, na viazi ni kazi yao. TOSCI ndio wanaothibitisha mbegu. Kinachotakiwa ni majengo mengi zaidi ya namna hiyo, yaliyopangwa na watu wanaojua.

Na kila nilichojifunza kwenye jengo la bangi kinahitajika humo. Milango miwili, wa pili usifunguke kabla wa kwanza haujafungwa, ili vidukari wenye virusi wasipite. Beseni la dawa ya kukanyaga. Mfanyakazi aliyetoka shambani kwake asubuhi asiingie na viatu hivyo. Maji ya mto yasiingie bila kutibiwa, kwa sababu mnyauko husafiri kwenye maji. Kila mche uwe na kumbukumbu, kama gramu ya Kanada, ili ugonjwa ukitokea ujue ulitoka meza gani. Pampu ya ukungu wa maji iwe na ya akiba na chanzo cha pili cha umeme, kwa maana mizizi iliyo hewani haina udongo wa kuiwekea maji. Umeme ukikatika mchana wa jua, huna muda wa kwenda kutafuta dizeli. Na unyevu wa usiku! Bakajani, ule ugonjwa unaoozesha majani ya viazi, haihitaji zaidi ya jani kubaki bichi usiku kucha. Kile kilichonidondokea shingoni kule ndicho kitakachoangukia miche yetu hapa, kama tundu la juu la kitalu limefungwa saa kumi na mbili jioni ili mlinzi asipate baridi.

Wapo watakaoniambia mbegu ya viazi haina fedha kama ile. Nimeviona vyote viwili. Ile niliyofanyia kazi ilikuwa na leseni, na bado majengo yake yalifungwa kwa hekta nyingi kwa kukosa mnunuzi. Mkulima wa Isyonje anayetafuta mbegu safi yupo mlangoni leo, na mwakani atarudi.

Mambo mengine ya Rungwe, ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini kule Kyejo na kuvunwa kwa ajili ya vinywaji, na joto la chini ya ardhi ambalo wakulima wa maua wa Oserian kule Naivasha, Kenya, walilitumia kupasha vitalu vyao, ningependa kuyazungumza na wale wa umeme na mitambo baada ya chakula. Njooni na madaftari, ni hesabu ndefu.

Nimemwachia mwalimu wa stoo vipima unyevu vitatu. Naomba kimoja kining'inizwe katikati ya kitalu cha chuo, usawa wa majani, kingine chini ya nailoni ya juu, na cha tatu nje kwenye kivuli. Visomwe saa kumi na mbili jioni na saa kumi na moja alfajiri, kila siku, kuanzia leo mpaka mwisho wa Agosti, na anayesoma aandike jina lake pembeni ya namba. Nitarudi Septemba kuchukua daftari hilo, tukae tuchore kitalu kipya pamoja.